Kupanga Jeni kwa Nafasi: Kutu ya Ngano na Shamba la Njoro

Kupanga jeni kwa nafasi ni mbinu ya kompyuta inayozichukua jeni zote za kiumbe, ikaipa kila moja alama kwa vigezo vilivyochaguliwa, kisha ikaziorodhesha kuanzia ile yenye dalili nyingi za jambo linalotafutwa hadi ile isiyo na dalili yoyote. Mbinu hii ilizaliwa na wingi wa habari. Kusoma DNA ya kiumbe kizima siku hizi huchukua siku chache, ilhali kuthibitisha kazi ya jeni moja tu katika maabara huweza kuchukua miaka. Orodha ndiyo inayoamua mtafiti aanze na jeni ipi, na kwa hiyo ndiyo inayoamua fedha na muda viende wapi.

Mfano mzuri wa mbinu hii kwa Afrika Mashariki uko Njoro, kusini magharibi mwa jiji la Nakuru, katika kituo cha utafiti wa mazao cha KALRO, shirika la serikali ya Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Adui anayechunguzwa huko ni kuvu anayeleta kutu ya shina la ngano. Wataalamu humwita Puccinia graminis f. sp. tritici, wakulima wa Njoro, Rongai na Mau Narok humwita kutu tu, kwa sababu shina lililoshambuliwa huvimba malengelenge yanayopasuka na kumwaga unga mwekundu wa kahawia unaoshika vidole na nguo. Unga huo ni spora, na upepo huweza kuzibeba kutoka nchi moja hadi nyingine.

Uhusiano wa Njoro na kutu ni wa zamani kuliko kituo chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alijaribu kulima ngano kwenye uwanda huo, kutu ikaiharibu, naye akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zenye kinga. Kituo cha serikali cha uzalishaji wa mbegu kilianzishwa mwaka 1927. Hali ya hewa ndiyo iliyoifanya Njoro kuwa mahali pa kazi hii: eneo liko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na umande, mchana ni wa jua, na ngano iko shambani karibu mwaka mzima. Kuvu hapati likizo.

Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere nchini Uganda, ngano iliyotegemewa kuwa na kinga ilionekana imejaa kutu. Mbegu hiyo ilikuwa na Sr31, jeni ya kinga iliyohamishiwa kwenye ngano kutoka kwa nafaka ya shayiri nyeusi (rye) na kutumiwa na wazalishaji wa mbegu duniani kwa miongo kadhaa bila kuvunjwa. Sampuli ilichunguzwa Afrika Kusini na timu ya Zak Pretorius, na jamii hiyo mpya ya kuvu ikapewa jina la Ug99: Uganda, mwaka 1999. Miaka michache baadaye ilikuwa Kenya, ambako Ruth Wanyera, mtaalamu wa magonjwa ya mimea pale Njoro, alikuwa miongoni mwa waliofuatilia kuenea kwake. Mwaka 2003 ilipatikana Ethiopia, mwaka 2006 Sudan na Yemen, mwaka 2007 Iran. Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1970, alitoa tahadhari, na mwaka 2005 ukazinduliwa Nairobi mpango wa kimataifa ambao baadaye ulipewa jina lake. Tangu wakati huo Njoro imekuwa ikipokea maelfu ya mbegu za majaribio kutoka nchi nyingi ili zipambanishwe na Ug99 yenyewe, shambani, misimu miwili kwa mwaka: msimu mkuu wa mvua na msimu wa kiangazi kwa kumwagilia.

Kabla ya kompyuta kuingia, kazi ya kupanga kwa nafasi ilifanywa kwa macho, na inafaa kuanzia hapo kwa sababu mantiki yake ni ileile. Kati ya vijishamba vya mbegu za majaribio hupandwa ngano isiyo na kinga ili izalishe spora, na baadhi ya mashina yake hudungwa kuvu kwa sindano. Ugonjwa ukishaenea, mtaalamu hupita na daftari akaandika mambo mawili kwa kila mbegu. La kwanza ni asilimia ya shina iliyofunikwa na kutu, kutoka 0 hadi 100. La pili ni herufi inayoonyesha jinsi mmea ulivyojibu: R kwa wenye kinga, MR kwa wenye kinga ya wastani, MS kwa unaoelekea kushambuliwa, S kwa usio na kinga kabisa. Alama ya 40MR ina maana ya shina lililofunikwa kwa asilimia 40, lakini kwa vidonda vidogo vilivyozungukwa na tishu iliyokufa. Alama ya 20S ni nusu ya eneo hilo, ila vidonda ni vikubwa na vinamwaga spora.

Ipi kati ya hizo mbili inastahili nafasi ya juu? Jibu la kawaida ni kuzidisha asilimia kwa kizidishi kilichokubaliwa: 0.2 kwa R, 0.4 kwa MR, 0.8 kwa MS na 1.0 kwa S. Hivyo 40MR huwa 16, na 20S huwa 20. Alama ndogo ndiyo bora, kwa hiyo mbegu yenye kutu nyingi zaidi machoni inaipita ile yenye kutu kidogo. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini inabeba uamuzi wa kibinadamu ndani yake: mtu fulani aliona kuwa MR ina uzito wa 0.4 na si 0.6. Kwa 0.6, 40MR ingekuwa 24 na nafasi zingebadilishana. Kila orodha itakayotajwa katika sura hii ina uamuzi wa namna hiyo uliofichwa mahali fulani, hata pale unapofunikwa na programu yenye maelfu ya mistari.

Kuvu naye hupangwa. Jamii zake hutambuliwa kwa kuzipandikiza kwenye mbegu 20 za ngano, kila moja ikiwa na jeni ya kinga inayojulikana, zikigawanywa katika mafungu matano ya mbegu nne nne. Kila fungu hupewa herufi moja kati ya 16 kulingana na mbegu zipi zimeshambuliwa, na T ni ya fungu ambalo mbegu zote nne zimeshindwa. Ndiyo sababu Ug99 ya kwanza huitwa TTKSK. Mfumo huu unaruhusu jumla ya majina 1,048,576, na mtu akiujua anaweza kuyasoma mageuzi ya kuvu katika jina lenyewe. Herufi K mwishoni mwa TTKSK inasema kuwa katika fungu la tano ni mbegu yenye Sr24 pekee iliyosimama. Mwaka 2006 Kenya ilipata jamii ya TTKST: K ya mwisho imekuwa T, yaani Sr24 imeanguka. Mwaka uliofuata kutu ilivamia mashamba ya Kenya Mwamba, aina iliyokuwa ikitegemea jeni hiyo. Mwaka huohuo wa 2007 ikaonekana TTTSK, ambayo herufi yake ya tatu inaonyesha kuanguka kwa Sr36. Kisha wakulima wakaipenda Robin, iliyotolewa mwaka 2011 na yenye jeni ya SrTmp. Mwaka 2014 ikaonekana TTKTT, herufi ya nne imekuwa T, na Robin ikaingia kwenye orodha ya walioshindwa.

Herufi tano hizo zinaeleza kuvu anaweza nini. Hazielezi ni nini kilichobadilika katika DNA yake. Kwa hilo jenomu yenyewe ilihitajika.

Jenomu ya kwanza ya kuvu huyu ilichapishwa mwaka 2011, pamoja na ya ndugu yake anayeshambulia miti ya mpopla. Ya kuvu wa ngano, iliyotokana na sampuli ya Marekani, ilikuwa na herufi za DNA zipatazo milioni 89 na jeni 17,773. Ndani ya idadi hiyo zimo zile zinazotengeneza protini za uvamizi. Kuvu akishaingia katika shina hutuma viungo vidogo vya kunyonyea ndani ya seli za ngano, na kupitia viungo hivyo humwaga protini zinazolemaza ulinzi wa mmea. Jeni ya kinga ya ngano ni kifaa cha kuitambua protini mojawapo ya hizo na kupiga kengele. Kuvu akiibadilisha protini hiyo, au akiiacha kabisa, kengele hailii. Mageuzi yote kutoka TTKSK hadi TTKTT ni habari ya jeni chache za aina hiyo, na swali la mtafiti ni kuzipata kati ya 17,773.

Njia inayojia akilini haraka ni kupima kila jeni kwa takwimu na kubakiza zile zinazovuka kizingiti cha asilimia 5 kilichozoeleka. Njia hiyo hufeli kwa hesabu ndogo tu: asilimia 5 ya 17,773 ni karibu 889. Hata kama hakuna jeni yoyote yenye jambo, orodha ingetoka na majina mamia kadhaa kwa bahati tupu. Ndiyo maana wataalamu wa jenomu wameacha kuuliza "ndiyo au hapana" kwa kila jeni na wakauliza "ipi kabla ya ipi".

Mwaka 2012 kundi la watafiti waliokuwa na makao Norwich, Uingereza, lilitoa mfano ulio wazi wa kazi hiyo kwa kutu. Walizichukua protini zote ambazo kuvu huzitoa nje ya seli zake, wakaziweka katika familia kwa kufanana kwake, kisha wakazipa familia alama kwa sifa ambazo protini za uvamizi zilizokwisha kujulikana huwa nazo: ni fupi, zina asidi amino ya sisteini kwa wingi, hutengenezwa wakati kuvu yuko ndani ya mmea, hazifanani na protini yoyote ya kazi inayojulikana. Kutoka kwenye maelfu ya protini walifika kwenye familia nane walizosema zinastahili kuchunguzwa kwanza. Miaka michache baadaye ikaja EffectorP, programu iliyotengenezwa Australia na Jana Sperschneider na wenzake, ambayo hujifunza sifa hizo yenyewe kutokana na protini zilizokwisha kuthibitishwa, na kuipa kila protini mpya uwezekano kati ya 0 na 1.

Ugumu unaanza pale vigezo vinapokuwa vingi na vinapingana. Chukua jeni mbili za kufikirika zilizopimwa kwa vigezo vitatu. Ya kwanza imeshika nafasi ya 3, ya 5 na ya 400. Ya pili imeshika nafasi ya 60, ya 70 na ya 80. Ukitafuta wastani wa kawaida, ya kwanza hupata 136 na ya pili 70. Ya pili inashinda. Ukizidisha nafasi hizo na kutafuta kipeuo cha tatu cha jibu, mbinu iliyoenezwa katika biolojia mwaka 2004, ya kwanza hupata takriban 18 na ya pili karibu 70; ya kwanza inashinda kwa mbali. Data haijabadilika hata chembe. Wastani wa kawaida humpendelea anayefanya vizuri kiasi kila mahali, na mbinu ya kuzidisha humsamehe aliyekosa mara moja. Kwa protini za uvamizi mbinu ya kuzidisha ndiyo yenye busara zaidi, kwa sababu protini hizo hazifanani: moja ni ndefu kupita kiasi, nyingine haina sisteini nyingi, na kigezo kimoja kinaweza kumfukuza mhalifu halisi.

Vigezo vya mageuzi huongezwa juu ya hivyo vya umbo. Kinachotumika zaidi hutokana na namna DNA inavyosomwa, herufi tatu tatu. Mafungu ya GAA na GAG yote huagiza asidi ya glutamiki, kwa hiyo A ya mwisho ikigeuka kuwa G protini haibadiliki. Lakini GAA ikigeuka kuwa GCA, panapotakiwa asidi ya glutamiki huwekwa alanini. Badiliko la kwanza ni la kimya, la pili ni la sauti. Ukilinganisha jeni ileile katika sampuli nyingi za kuvu na kugawanya kasi ya mabadiliko ya sauti kwa kasi ya yale ya kimya, unapata uwiano. Jeni nyingi huwa chini sana ya 1, kwa kuwa mabadiliko ya sauti mara nyingi huharibu na kufutwa. Ile inayozidi 1 inabadilishwa kwa manufaa, na katika kuvu anayekimbizana na kinga ya ngano hiyo ni dalili nzito. Uwiano huo una udhaifu wake: jeni iliyobadilika mara tatu tu katika historia yote inaweza kuonyesha uwiano mkubwa kwa bahati, na jeni fupi, ambazo ndizo hasa zinazotafutwa, huwa na mabadiliko machache ya kuhesabu.

Kuna familia nyingine ya mbinu iliyotoka mbali kabisa na biolojia. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza PageRank, hesabu iliyoijenga Google. Katika hesabu hiyo ukurasa hupata uzito kutokana na kurasa zinazouelekea, na uelekezi wa ukurasa mzito una thamani kuliko wa ukurasa usiojulikana. Ni kama baraza la kijiji linapotafuta mwenyekiti: neno la mzee mmoja anayeheshimiwa na wengi linaweza kuzidi la vijana watano waliofika jana. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilihamishiwa kwenye jeni kwa jina la GeneRank. Jeni huwa ndizo kurasa, na uhusiano wao wa kikazi huwa ndio viungo. Jeni yenye dalili hafifu hupandishwa ikiwa majirani zake wana dalili kali.

Kwa magonjwa ya binadamu na kwa hamira, viumbe ambavyo mitandao ya jeni zao imechorwa kwa miaka mingi, mbinu hiyo imezaa matunda. Kwa kutu inapaswa kutumiwa kwa tahadhari kubwa. Mtandao wa kuvu wa ngano kwa sehemu kubwa hukisiwa kwa kuazima ule wa hamira, na protini za uvamizi hazina ndugu kwenye hamira. Zinaingia katika mtandao bila jirani, na PageRank humpa asiye na jirani nafasi ya mwisho. Isitoshe, mwaka 2002 utafiti wa hamira ulionyesha kuwa protini zenye washirika wengi huelekea kubadilika polepole. Mbinu inayotukuza wenye washirika wengi itaweka juu jeni za kale zilizotulia, ilhali katika kutu habari inayotafutwa iko kwa wapweke wanaobadilika haraka. Chombo ni kizuri; hapa kinatazama upande usiofaa.

Majaribio ndiyo yaliyotoa uamuzi. Mwaka 2017, katika toleo moja la jarida la Science, timu mbili zilitangaza jeni za kwanza za kuvu huyu ambazo kinga ya ngano huzitambua. Zote zilitumia orodha, lakini orodha zao zilijengwa juu ya ushahidi wa aina tofauti na umbo la protini. Timu iliyoongozwa kutoka Kansas State University ilizitia spora kemikali inayobadilisha DNA, ikachagua zile zilizopata uwezo wa kuivunja jeni ya kinga ya Sr35, na kuzisoma jenomu. Swali likawa jepesi: ni jeni ipi iliyoharibika tena na tena katika mutanti mbalimbali? Jeni moja ilipanda juu, ikaitwa AvrSr35. Ilipotazamwa katika kuvu wa mashambani wenye uwezo uleule, ilikutwa imekatizwa na kipande cha DNA kinachohamahama kilichojipachika ndani yake. Timu ya pili, iliyokuwa na kitovu Australia, ilitumia mutanti mmoja aliyejitokeza mwenyewe, aliyepoteza nakala moja ya eneo la takriban herufi milioni 2.5. Orodha ya jenomu nzima ikafupika kuwa orodha ya eneo hilo, na humo ikapatikana AvrSr50. Kwa Njoro habari hizo zina uzito wa pekee, maana Sr35 na Sr50 zote zinaizuia Ug99.

Jambo kubwa kuliko yote kuhusu Ug99 halikupatikana kwa kupanga jeni kwa nafasi hata kidogo, na hapa ndipo mipaka ya mbinu inapoonekana.

Kila seli ya spora za kutu zinazopeperuka shambani ina viini viwili vinavyoishi bega kwa bega bila kuungana, kila kimoja kikiwa na kromosomu zake 18. Jenomu ya mwaka 2011 ilivichanganya viini hivyo viwili na kuviandika kama kimoja, kwa sababu teknolojia ya wakati huo ilisoma vipande vifupi visivyoweza kutenganishwa. Orodha zote zilizojengwa juu yake zilirithi mchanganyiko huo. Mwaka 2019 timu ya watafiti wa Australia, Marekani na Afrika Kusini, wakiwemo Melania Figueroa na Peter Dodds, ilitumia usomaji wa vipande virefu na kuvitenga viini kimoja kimoja. Waliilinganisha Ug99 na jamii iitwayo 21, iliyogunduliwa Australia mwaka 1954, ya ukoo uliotawala kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1920. Kiini kimoja cha Ug99 kilikuwa karibu sawasawa kabisa na kiini kimoja cha jamii ile. Kiini cha pili kilikuwa kigeni.

Maelezo yanayolingana na hali hiyo ni moja. Mahali fulani barani Afrika kuvu wawili wa koo tofauti walikutana kwenye mmea mmoja, nyuzi zao zikashikana, na wakabadilishana viini vizima. Hapakuwa na ndoa ya kawaida ya kuvu, ambayo kwa kutu ya shina hufanyika kwenye vichaka vya jenasi ya Berberis; ndoa ingechanganya kromosomu, na viini vya Ug99 havionyeshi dalili ya kuchanganywa. Kwa hiyo Ug99 ilipata mkusanyiko mpya wa maelfu ya jeni kwa tukio moja. Programu inayoipima kila jeni peke yake haiwezi kuliona tukio kama hilo, kwa kuwa hakuna jeni hata moja iliyobadilika: zilizobadilika ni jirani zake. Baada ya tukio hilo ndipo zilipofuata hatua ndogo ndogo zinazosomeka katika majina, TTKSK kuwa TTKST, TTKST kuwa TTKTT. Mageuzi ya namna mbili, kuruka na kutambaa, yako katika ukoo mmoja, na orodha za jeni zinafaa kwa ya pili tu.

Upande wa ngano mbinu za kupanga zimeleta mabadiliko makubwa zaidi ya kivitendo. Jenomu ya ngano ya mkate ilikamilishwa kwa kiwango cha kuridhisha mwaka 2018: jeni 107,891, kromosomu jozi 21, na seti tatu za jeni zilizotoka kwa majani matatu ya porini yaliyochanganyika kwa nyakati tofauti. Lakini wazalishaji wa mbegu hawakungoja jenomu kamili. Tangu mwaka 2001, Meuwissen, Hayes na Goddard walipoeleza hesabu yake, ilijulikana kuwa thamani ya mnyama au mmea inaweza kukadiriwa kwa kujumlisha athari ndogo za maelfu ya alama zilizotawanyika kwenye DNA yote, bila kujua ni jeni ipi inayofanya nini. Mbegu mia kadhaa hupandwa na kupewa alama shambani. Kompyuta hujifunza kila alama ya DNA ina mchango gani. Kisha mbegu mpya ambazo hazijawahi kupandwa hupangwa kwa nafasi kutokana na DNA yake pekee. Msimu mzima unaokolewa.

Hesabu hiyo inafaa hasa kwa kinga inayojengwa na jeni nyingi zenye nguvu ndogo, kama ile inayoizunguka Sr2, jeni ya kale iliyoingizwa kwenye ngano ya mkate katika miaka ya 1920 na ambayo mpaka leo haijavunjwa. Kinga hiyo haizuii kutu isiingie, huichelewesha. Mmea unapata 20MS badala ya 80S, na mkulima anavuna. Kwa kuwa hakuna jeni moja ya kuikwepa, kuvu hawezi kuivunja kwa hatua moja kama alivyofanya kwa Robin.

Gharama ya uteuzi kwa DNA ilipimwa. Mwaka 2015 Jessica Rutkoski na wenzake walichapisha ulinganisho wa uteuzi kwa macho na uteuzi kwa alama za DNA katika ngano inayokabiliana na kutu ya shina. Kwa muda uleule maendeleo yalikuwa sawa, lakini kundi lililochaguliwa kwa DNA lilipoteza utofauti wa kijenetiki zaidi. Sababu si ngumu kuiona: mbegu zenye alama zinazofanana hupata makadirio yanayofanana, kwa hiyo wanaojaza nafasi za juu huwa ni ndugu. Ukizalisha kutoka kwa ndugu vizazi viwili vitatu, umepunguza hazina ambayo kizazi cha nne kingeihitaji pale kuvu anaporuka tena. Dawa iliyopo ni kuiwekea programu masharti, kwa mfano isichukue zaidi ya idadi fulani kutoka familia moja, yaani kuivuruga orodha kwa makusudi. Kwa nchi kama Kenya, inayoagiza sehemu kubwa ya ngano yake na yenye kuvu anayejigeuza katika mashamba yake yenyewe, utofauti huo una thamani kuliko nafasi ya kwanza ya msimu mmoja.

Makadirio nayo huzeeka. Kompyuta iliyofunzwa kwa alama za shamba kabla ya mwaka 2014 ilijifunza kuwa kipande cha DNA kinachobeba SrTmp ni cha faida. Baada ya TTKTT kufika, ujuzi huo ulikuwa wa kupotosha. Kwa sababu hiyo alama za Njoro hukusanywa upya kila msimu na kurudishwa kwenye hesabu, huku sampuli za kutu kutoka Nakuru, Narok na kwingineko zikichunguzwa kuona kama herufi yoyote kati ya zile tano imegeuka.

Nchini Kenya hakuna aina ya ngano inayotolewa kwa wakulima kwa orodha ya kompyuta peke yake. Mbegu iliyoshika nafasi ya juu kwa DNA bado hupandwa Njoro kati ya mistari ya ngano yenye kutu, hukaguliwa kwa macho na kuandikwa asilimia na herufi, na ikifaulu huingia katika majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kamati kuamua kama itapewa jina.